Utamu wa futari hauko kwenye kopo la sukari

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu zangu katika imani, tumo ndani ya Shaaban. Kina mama wameshaanza kununua unga, nazi zimepanda bei kama kawaida yake, na madukani magunia ya sukari yamesogezwa mbele karibu na mlango. Mwenye duka anatujua vizuri. Anajua kwamba mwezi wa kujizuia ndio mwezi ambao nyumba zetu nyingi hununua sukari kuliko mwezi mwingine wowote.

Leo sitazungumzia nia, wala daku, wala mambo yanayobatilisha saumu. Hayo tutayafikia in shaa Allah. Nataka kuzungumza juu ya kalimati. Naam, kalimati, na mkate wa kumimina, na tambi, na visheti, na ndizi za nazi. Watu wa shule huviita vitindamlo, yaani vitu vinavyoliwa chakula kikiisha. Kwetu pwani havingoji chakula kiishe. Adhana ya Magharibi ikilia mkono unakwenda kwenye tende, halafu moja kwa moja kwenye kalimati, na muhogo bado uko jikoni.

Kilichonifanya niandike ni swali. Katika darsa ya kina mama, dada mmoja alinyoosha mkono akasema: "Sheikh, mume wangu ana kisukari, mama mkwe wangu ana kisukari, na mimi mwenyewe nimeambiwa hospitali kwamba niko mlangoni. Nikipunguza sukari kwenye futari, mume ananiambia nimewafanyia wageni ubahili. Je, nina dhambi?"

Wenzake walicheka. Lakini hilo ni swali la fiqhi kamili, lina mume, lina mgonjwa, lina mgeni, na lina mwili ambao si mali yetu. Nilimjibu kwa ufupi siku ile kwamba hana dhambi, na akinuia kuwahifadhi watu wake ana thawabu. Hapa nalijibu kwa urefu, maana najua halikuwa lake peke yake.

Kwanza tuondoe hofu. Hakuna anayeharamisha kitu kitamu. Mnajua kisa kilichomo katika sababu za kushuka mwanzo wa Surat Tahrim. Katika riwaya iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alisema hatakunywa tena asali kwa ajili ya kuwaridhisha baadhi ya wakeze, na Mwenyezi Mungu akamuuliza kwa nini anajiharamishia alichohalalishiwa. Basi mimi ni nani hata niharamishe kalimati? Na Bi Aisha (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda kitu kitamu na asali. Kupenda utamu si udhaifu wa imani.

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapoishia kusoma. Tunaikamata hadithi ile, tunaigeuza kuwa leseni ya kilo ya sukari. Hebu tujiulize, kitu kitamu cha Madina kilikuwa nini? Miwa haikuwa kilimo cha Madina, na sukari yake ilikuja kuenea katika nchi za Waarabu baadaye, Waislamu walipokwisha kuingia Uajemi. Wapo wanavyuoni waliofasiri kwamba halwa aliyoipenda Mtume ilikuwa tende zilizopondwa pamoja na maziwa. Na walima wake kwa Bi Safiyya (r.a.), harusi ya Mtume wa Mwenyezi Mungu, watu walilishwa hays, ambayo ni tende, samli na maziwa yaliyokaushwa. Amepokewa pia akila tango na tende mbivu, na tikiti na tende mbivu, akieleza kwamba joto la kimoja huvunjwa na ubaridi wa kingine. Hicho ndicho kitindamlo chake. Tende, maziwa, tunda la maji. Sasa linganisha na sinia letu.

Na tulinganishe kwa hesabu, maana maneno matupu hayamshawishi mtu mwenye njaa.

Chukua mkate wa kumimina, ule wa mchele. Nyumba nyingi hutia mchele vikombe viwili na sukari kikombe kimoja. Kikombe kimoja cha sukari ni karibu gramu 200. Ukiukata mkate ule vipande vinane, kila kipande kimebeba gramu 25 za sukari, yaani vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeshauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula cha siku, na ikasema ni bora zaidi ishuke chini ya nusu ya hapo. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo nusu ni kama gramu 25 kwa siku nzima. Kwa hiyo kipande kimoja cha mkate wa kumimina, kipande ambacho hata hujakihesabu kwa sababu umekila umesimama, kimeshamaliza hesabu yako ya siku. Bado chai. Bado kalimati. Bado juisi ya embe iliyotiwa sukari juu ya utamu wa embe, na sijui embe lilikosa nini.

Na kalimati ndiyo mkubwa wao. Shira yake watu huipika kwa vikombe viwili vya sukari, vijiko mia moja vya chai. Hata nusu yake ikibaki kwenye sufuria, nusu nyingine imeingia kwenye matumbo ya watu sita au saba ambao tangu alfajiri hawajatia kitu kinywani.

Sisemi sukari peke yake ndiyo inayoleta kisukari. Madaktari wanatueleza kwamba yapo mambo ya urithi, yapo ya unene, yapo ya kukaa bila mwendo. Na unga mweupe na wali navyo vikifika tumboni hugeuka sukari. Lakini mwenye maradhi haya akishayapata, tunajua yanakokwenda yasipotunzwa: kwenye macho, kwenye figo, kwenye mishipa ya miguu mpaka mtu anakanyaga msumari asisikie. Katika safu ya mbele ya msikiti wetu yuko mzee anayeswali juu ya kiti kwa sababu mguu wake mmoja uliishia chini ya goti. Alianza na kidonda kidogo cha kidole. Mzee huyu kila Ramadhani hualikwa nyumba kumi, na katika nyumba zote kumi hukuta sinia lile lile, na akikataa huambiwa: "Mzee, kidogo tu, leo ni leo."

Huku kumwambia "kidogo tu" ndiko kunakoniudhi. Tunamwalika mgonjwa, tunamwekea mbele yake vitu ambavyo vyote vina madhara kwake, kisha tunamwona hana adabu akikataa. Huo si ukarimu. Ukarimu ni kumtazama mgeni wako na kumwekea anachoweza kula. Nabii Ibrahim (a.s.) alipowajia wageni aliwaletea ndama, na mikono yao ilipokuwa haifiki kwenye chakula aliliona mara moja. Alikuwa akiwatazama. Sisi tunatazama sinia, kama limejaa.

Dini yetu imeweka kanuni kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe. Na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdallah bin Amr (r.a.) kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki juu yake. Kumbuka aliambiwa hivyo kwa sababu gani. Alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya swala na saumu za sunna, hauna haki mbele ya kalimati?

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua litaleta maneno, na wenzangu masheikh wanisamehe.

Wako watu wanaouza asali na kuwaambia wenye kisukari kwamba asali haina madhara kwao kwa kuwa imetajwa katika Qur'ani kuwa ina shifaa. Ndugu zangu, aya ya Surat Nahl ni haki, na mimi naiamini herufi kwa herufi. Lakini aya imesema ndani yake mna shifaa kwa watu, haikusema kila mtu anywe kikombe. Kijiko kimoja cha mezani cha asali kina sukari gramu 17 hivi, zaidi ya vijiko vinne vya chai. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani umeihesabu asali pamoja na sukari, na juisi ya matunda pia imehesabiwa humo humo. Anayepika kalimati akaacha shira ya sukari akazitosa kwenye asali, amebadilisha ladha, hajabadilisha hesabu. Sukari guru nayo ni hivyo hivyo. Rangi yake ya udongo inatudanganya tukadhani ni dawa.

Na tende? Tende ni sunna, na ndiyo futari ya Mtume (s.a.w.) kama alivyopokea Anas (r.a.): tende mbivu mbichi, zikikosekana tende kavu, zikikosekana mafunda ya maji. Tena ziliwa kabla ya kuswali, chache, kisha akasimama kwa ibada. Tende moja ya kawaida ina utamu wa kama kijiko kimoja cha chai cha sukari, na zile kubwa za Madjool zina mara tatu ya hapo. Tofauti yake na sukari ya dukani ni kwamba tende ina nyuzinyuzi na inashibisha, huwezi kula ishirini bila kujua. Mwenye kisukari aulize daktari wake anaweza kula ngapi, na akiambiwa moja basi moja inamtosha kupata sunna.

Haya, twende jikoni. Mimi si mpishi. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwa mama watoto wangu, na mengine nimeyapata kwa kuwauliza kina mama wanaopika harusini.

Siri ya kwanza ni kwamba tunda lililoiva halihitaji sukari. Bibi zetu walijua. Ndizi mzuzu ukiziacha mpaka ganda likawa jeusi, mpaka mtoto anauliza kama zimeoza, hapo wanga wake umekwisha kugeuka utamu. Chambua, kata vipande virefu, bandika kwa tui jepesi la pili na iliki iliyopondwa na chembe ya chumvi. Zikiiva, mimina tui zito kidogo, nusu kikombe linatosha kwa sufuria ya familia, acha litokote mara moja, epua. Usitie sukari hata kidogo. Tatizo letu ni haraka: tunanunua ndizi leo bado za manjano, tunapika leo, halafu tunafidia kwa sukari kile ambacho siku nne za kungoja zingetupa bure. Nunua ndizi za Alhamisi siku ya Jumapili.

Boga ni hivyo hivyo, na viazi vitamu. Boga lililokomaa, tui jepesi, mdalasini kijiti kimoja. Wageni wangu mimi wamekula wakauliza sukari gani imetumika.

Mkate wa kumimina una ujanja wake. Ile sukari ya kikombe kizima haihitajiki ili mkate uumuke. Hamira inataka kidogo sana. Tia robo kikombe badala ya kikombe, na katika kusaga mchele wako uliolowekwa usiku, saga pamoja nao ndizi moja iliyoiva sana. Ongeza iliki, iliki ndiyo inayouambia ulimi kwamba hiki ni kitamu. Robo kikombe ni gramu 50, kila kipande katika vile vinane kimebaki na kijiko kimoja na nusu cha sukari ya kuongezwa badala ya sita. Utaona juu hauwi mwekundu kama ulivyozoea, kwa sababu sukari ndiyo inayoleta ile rangi. Usiogope ukaongeza sukari. Acha makaa ya juu yakae dakika chache zaidi.

Lakini msifanye hivi kwa siku moja. Ulimi una mazoea kama nafsi ilivyo na mazoea. Ukitoka kikombe kizima ukaingia robo siku ya kwanza ya Ramadhani, watoto watasusa na mume atapata ushahidi dhidi yako. Anza sasa hivi katika Shaaban. Wiki hii punguza robo, wiki ijayo robo nyingine, na chai vivyo hivyo. Baada ya wiki chache, ile ya zamani utaiona inakaba koo. Wengi waliojaribu wamenieleza hivyo, na mimi kwenye chai nimeyaona mwenyewe.

Kalimati, nasema kweli, sina kalimati ya afya ya kuwapa. Ni unga mweupe, umekaangwa katika mafuta, umeoshwa kwa shira. Rai yangu ni kwamba ziondoke katika futari ya kila siku ziwe za mara moja kwa wiki, na siku hiyo zipikwe vizuri. Unga uumuke kikamilifu na iliki ya kutosha, mafuta yawe mapya na ya moto ili zisinywe mafuta, zichujwe kwenye karatasi. Halafu usizitose kwenye shira. Chukua tende robo kilo, toa kokwa, chemsha na kikombe cha maji mpaka zilainike, ponda au saga, tia iliki na matone ya ndimu. Weka kibakuli pembeni, kila mtu achovye akitaka. Utashangaa wangapi watakula bila kuchovya kabisa. Lakini shira iliyokwisha kunywewa na kalimati hakuna anayeweza kuikataa.

Kwa watoto, wafundishe kutengeneza kashata zisizopikwa. Karanga zilizokaangwa na kumenywa zipondwe kwenye kinu pamoja na tende, ziviringwe kama gololi, ziviringishwe kwenye ufuta au nazi iliyokunwa. Hakuna moto, hakuna sukari ya moto ya kuunguza vidole. Moja au mbili kwa mtoto zinatosha. Maziwa mgando yasiyotiwa sukari na vipande vya embe ni kitu cha kumpa mgeni yeyote. Na machungwa, sisi tulio karibu na Muheza hatuna udhuru msimu ukifika: yamenye, yakate visahani, nyunyiza mdalasini, yaweke kwenye friji. Yale, usiyakamue. Glasi moja ya juisi ni machungwa matatu au manne na nyuzinyuzi zake umezitupa, na hakuna mtu anayekaa akala machungwa manne kwa pumzi moja.

Kinywaji, kama wataka cha sunna, loweka tende tano au sita kwenye mtungi wa maji safi baada ya Adhuhuri, funika, futuru nayo. Hiyo ndiyo nabidhi aliyokuwa akilowekewa Mtume (s.a.w.), ikinywewa kabla ya kubadilika. Kwa joto letu la pwani iweke kwenye friji, na usiilaze siku mbili. Ikianza kutoa povu na ukali, mwaga, imekuwa jambo jingine.

Kuhusu vile vidonge vya utamu visivyo na sukari, muulizeni daktari, si mimi.

Sasa nirudi kwa kina baba, maana mpaka hapa wengi mmesoma mkiwa mnatikisa kichwa mkidhani hili ni somo la wake zenu. Sukari huingia nyumbani kwa mkono wa nani? Nani anayeonja kalimati akasema "leo umesahau sukari"? Abu Huraira (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia aibu chakula hata mara moja, akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Jambo jepesi namna hii, na linatushinda. Mke anahangaika tangu Alasiri akiwa na saumu yake, ana moshi machoni, anajitahidi kukulinda wewe mwenye kisukari usije ukalazwa siku ya Idi, halafu unamwita bahili mbele ya wageni. Yule mume wa dada aliyeniuliza swali, kama anasoma hapa, salaam zangu zimfikie.

Na mwenye kusema "ni mwezi mmoja tu", mwili haujui kalenda. Siku thelathini za kupanda sukari kila Magharibi ni siku thelathini za mgonjwa kucheza na figo zake. Ndiyo maana mwenye kisukari anayetumia dawa, hasa sindano, namwomba amwone daktari sasa kabla mwandamo haujaonekana, aulize kama anaweza kufunga na dawa azipange vipi. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa kwa jina lake. Akiambiwa asifunge, asifunge, na wala asione kwamba imani yake imepungua.

Yupo pia atakayesema kila kitu ni kadari, mtu atakufa siku yake hata akila majani. Ni kweli atakufa siku yake. Lakini Sayyidna Omar (r.a.) aliporudi kutoka njia ya Sham kwa ajili ya tauni, na Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu na kuingia katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Kijiko cha sukari ukikirudisha koponi, hiyo nayo ni kadari.

Nimalizie na tangazo, kwa wanaofuturu msikitini kwetu. Tumekubaliana na kamati kwamba mwaka huu uji wa pilipili manga utapikwa bila sukari. Sukari itakuwa kwenye bakuli pembeni, na kijiko kitakachokuwemo ni cha chai, si cha mezani. Kijana wa kukilinda nimeshamteua. Anayejitolea vitu vitamu tunamshukuru sana, ila kwa kila sinia la mkate au kalimati tunaomba alete na sinia la matunda au ndizi za nazi zisizo na sukari, na hilo litawekwa mwanzo, upande wanapokaa wazee. Majina ya watakaojitolea yanaandikwa kwa mhazini wa msikiti baada ya swala ya Isha, kuanzia kesho. Siku za Ijumaa zimeshajaa. Jumatatu na Alhamisi bado zina nafasi.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.